Njia Mbili za Chooni

Kila asubuhi nikiamka nakunywa kikombe kikubwa cha maji ya uvuguvugu, nimesimama jikoni, kanga begani, kabla mtoto hajaamka na kabla moto wa chai haujashika vizuri. Halafu nachukua kopo langu la bluu na kwenda chooni. Ndiyo hivyo tu. Wewe unayekwenda chooni bila kufikiri utashangaa mtu mzima kukaa chini na kuandika jambo hilo. Shangaa tu. Mimi kuna kipindi kirefu nilikuwa siendi, na nusura nijizike kwa mawazo nikiwa hai.

Mimi ni mtoto wa Bulyaga, mtaa wa Tukuyu mjini, kwenye nyumba za wafanyabiashara Waislamu ambako choo kipo uani. Ukifungua mlango wa jikoni umefika, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi na kopo la maji. Baba aliuza vitenge, na mimi nauza vitenge. Meza yangu ipo sokoni Tukuyu mpaka leo. Wanaonijua watakwambia mdomo ninao. Mteja akivuta kitambaa changu kwa mikono aliyotoka kulia nayo parachichi, simvumilii hata kidogo. Mwanamke wa namna hiyo ashindwe kwenda chooni kwa aibu? Nilishindwa.

Niliolewa Kawetele, mwendo mfupi wa bodaboda. Mume wangu anaendesha mitambo ya kutengeneza barabara, leo yuko Katavi, kesho Ruvuma, na mtoto wetu alipozaliwa akaona afadhali nikae kwa wazazi wake kuliko kupanga chumba peke yangu. Sikubisha. Wakwe zangu ni Wanyakyusa, lakini ni Waislamu kama sisi. Baba mkwe alisilimu ujanani, enzi alipokuwa akileta ndizi mjini. Nikajua nahamia kwa watu wa kwetu. Kumbe mzee alibadili dini, lakini mila ya mkwe hakuigusa.

Mama mkwe alinieleza jioni ya kwanza, tukiwa tunamenya ndizi.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe ni mkamwana wa mzee. Hamli pamoja, hampeani mikono, hamkutani njiani. Yeye akitaka kupita atakohoa. Ukimsikia, geuka pembeni. Na yeye akikuona wewe atageuka. Si kwamba anakuchukia. Ni heshima."

"Na nikitaka kumsalimia, mama?"

"Nisalimie mimi, nitamfikishia."

Siku hizi wakamwana wengi huku wanakaa sebuleni na baba wakwe zao wanaangalia mpira, wengine wanapiga nao picha za kuweka kwenye simu. Wangu hakuwa wa hivyo. Na sitasema uongo, mwanzoni niliipenda mila ile. Wenzangu sokoni walikuwa wanalia na wakwe wanaochungulia sufuria. Mimi wangu alikuwa kikohozi tu. Nikawa nawaringia.

Shida ilikuwa uwanja wa nyuma. Baba mkwe hakai mbele ya nyumba, kwa sababu upepo wa mlimani unaleta mvua moja kwa moja mpaka mlangoni. Alikuwa anakaa kibaraza cha nyuma, kwenye kigoda chake, akipukuchua mahindi au akitazama mvua, na mvua ya Rungwe ina mengi ya kutazamwa. Mbele yake ni uwanja mdogo, ng'ambo ya uwanja ni jiko la nje, na njia ya chooni inapita mlangoni kwa jiko ndipo inaingia migombani. Njia ilikuwa hiyo moja. Nikitoka jikoni kwenda chooni, ananiona tangu hatua ya kwanza mpaka nipotelee kwenye majani.

Halafu kulikuwa na kopo. Mtu anayetumia karatasi anaweza kuificha mfukoni akajifanya anakwenda kuchuma majani ya maboga. Sisi tunatumia maji. Kopo la nyumba lilikuwa moja, jekundu, limetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa jiko. Ukilishika lile umeshatangaza safari. Nilijaribu kulificha chini ya kanga, nikaonekana nina mimba ya pili. Nikajaribu kuliweka ndani ya ndoo ya maganda ya ndizi, nikatoka kama ninayekwenda kumwaga. Kabla sijafika migombani mzee akakohoa kwa adabu na kugeuzia uso ukutani ili nipite kwa raha zangu. Yaani alijua. Nikamwaga maganda kwenye mgomba wa kwanza, nikarudi jikoni na ndoo yangu, na kopo langu, na tumbo langu.

Tangu siku ile nikawa najibana. Asubuhi, ambapo tumbo la kila mtu linaamka, mimi nililinyamazisha. Nikasema nitakwenda sokoni. Choo cha sokoni kina foleni, na ukiingia kuna mtu anagonga mlango, "Dada wa vitenge, bado tu?" Ndani ya sauti ile hakuna tumbo litakalofanya kazi yake. Nikasema basi nitakwenda jioni, giza likiingia. Jioni haja yenyewe ilikuwa imeshaondoka zake, haiji tena.

Nikabuni na akili nyingine. Nikajiambia tumbo likipata kidogo litadai kidogo. Nikaacha maji, na kwa baridi ya Tukuyu nani anayatamani maji? Nikawa mtu wa chai, kikombe juu ya kikombe, na mkate mkavu pale mezani kwangu, au chipsi. Mboga nikampakulia mama mkwe yote. Kwenda na kurudi nilipanda bodaboda, kutwa nzima nilikaa kwenye stuli. Ukitaka kuliharibu tumbo la mtu mzima, huna haja ya kumpa sumu, mpe ratiba yangu ya miezi ile.

Tumbo likaanza kuwa gumu. Likajaa, likawa linaunguruma mbele ya wateja, nikila kidogo nashiba mpaka shingoni. Siku nilizopata choo zilikuwa za kuhesabika na kila moja ilinitoa machozi. Watu wakaniambia nimenenepa. Nikacheka nao, nikarudi nyumbani nikajilaza chali na kujibonyeza ubavuni.

Sasa lazima niseme nilichokuwa nakiogopa. Mama yangu alikufa kwa uvimbe wa tumbo. Na ulianza hivi hivi: choo kigumu, tumbo kujaa, "nimeshiba, kuleni nyie." Alinyamaza. Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni, anapanga vitenge vyake akitabasamu, na sisi wanawe tulipojua, madaktari walikuwa hawana tena la kufanya. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilimsikia shangazi akilisema hilo msibani, nikamchukia. Na sasa nilikuwa nafanya yale yale, nikiwa na mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika kiti. Nilikuwa namtazama akianguka na kuinuka, najiuliza nani atamlea nikishakwenda. Mume wangu akipiga simu namwambia tuko wazima. Mama mkwe akiniuliza mbona sili, namwambia nimekula sokoni. Niliogopa kwenda hospitali kuliko nilivyoogopa kufa, kwa sababu hospitali wangenipa jibu.

Kilichonipeleka ni kanga. Asubuhi moja nilikuwa naifunga kiunoni, nikaona haifiki ilipokuwa inafika. Nikajiona nimesimama vile vile alivyokuwa akisimama mama, mkono mmoja umeshika fundo, mwingine umeshika tumbo. Nikapiga moyo konde. Nikamwambia mama mkwe nakwenda sokoni, nikampakata mtoto, nikamwambia dereva wa bodaboda anipeleke hospitali.

Mganga alikuwa dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, na ulikuwa unajua ni mgeni kwa sababu chini ya koti lake jeupe alikuwa na sweta mbili. Alinilaza, akanibonyeza, akaniuliza kama naona damu, kama nimepungua, kama kuna mtu kwetu aliyeugua tumbo. Hapo nikaanza habari za mama, kidogo kidogo. Hakuniharakisha. Akanituma nikapige picha ya tumbo, nikarudi na karatasi ambayo sikuthubutu kuisoma. Akaiangalia, akanibonyeza tena, akaketi.

"Dada, sioni uvimbe. Naona choo kimekujaa, na gesi. Sasa niambie ukweli. Tumbo likikuita, huwa unakwenda saa hiyo hiyo?"

Nilipiga kicheko ambacho kiligeuka kilio hapo hapo, mtoto akashtuka na yeye akalia. Nikamweleza yote: uwanja, kigoda, kopo, kikohozi. Aliinama, akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Najua alikuwa anacheka, na kwa mara ya kwanza sikuona vibaya kuchekwa.

Alipoinuka akanipa dawa ya kulainisha choo kwa siku chache, na maneno. "Chai siyo maji. Kunywa maji, kama baridi inakushinda, yapashe moto. Kula majani ya maboga, kula maharage. Parachichi mnalo huku mpaka linaoza njiani, halafu wewe unakula mkate mkavu! Tembea, bodaboda siyo miguu yako. Lichagulie tumbo saa moja ya asubuhi, baada ya maji ya moto, ulizoeshe. Na likikuita, itika. Ukiona damu au unapungua bila sababu, usikae nayo kama mama yako, njoo siku hiyo hiyo. Na hata usipoona kitu, baada ya muda rudi nikuone."

Nilitoka pale miguu haigusi sakafu. Sina uvimbe. Nilikuwa nayarudia maneno hayo moyoni nikiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, nayaonja kama pipi. Sina uvimbe, nitamwona mwanangu akienda shule. Kama kusingekuwa na watu wa kunitazama ningecheza.

Na watu wa kunitazama walikuwepo kuliko nilivyodhani. Nilisikia kikohozi.

Kile kikohozi ningekitambua hata Makka. Baba mkwe alikuwa anaingia na kofia yake, mama mkwe nyuma yake ameshika mwavuli. Mila haijui kama hapa ni hospitali. Nikauvuta mtandio mpaka puani nikageukia ukuta, na yeye, naambiwa, akageukia ukuta wa upande wa pili, wakapita hivyo mpaka chumba cha mganga, yeye akitembea kiubavu. Wagonjwa walidhani tunagombana. Mzee akaingia peke yake. Mama mkwe akanijia.

"Wewe si uko sokoni?"

"Na nyie si mko shambani, mama?"

Kabla hajanijibu, sauti ya mganga ikatoka kule ndani. Baba mkwe sikio lake moja halisikii vizuri, na mlango ule wa mbao haukuzuia kitu.

"Mzee! Choo unapata?"

"Ee?"

"Choo! Unapata?"

"Choo kipo, mwanangu," mzee akajibu kwa sauti ya mtu anayedhani wengine ndio wasiosikia. "Choo ni kizuri, nilijenga mwenyewe. Lakini mkamwana yuko jikoni. Nitapitaje mlangoni kwake na kopo? Nangoja aende sokoni. Na mvua ikinyesha haendi. Tumbo linauma fijo, linauma sana."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mimi sikucheka mara moja. Nilisimama na mtandio wangu puani, nikiona uwanja ule kwa upande ambao sikuwahi kuuona: mzee kwenye kigoda, asubuhi ya mvua, amebanwa, anautazama mlango wa jiko na kuomba nitoke, na mimi ndani ya jiko nimebanwa, nakitazama kigoda chake na kuomba ainuke. Kopo jekundu limetulia kwenye msumari, halitumiwi na mtu. Miezi yote ile nilidhani ananizibia njia ya choo, kumbe tulikuwa wafungwa wawili tunaogopana.

Mama mkwe ndiye aliyenimaliza. Alinitazama mimi, akautazama mlango, akanitazama tena na karatasi yangu ya dawa, na akaelewa. "Mwe bandu! Jamani watu!" akasema, akapiga makofi. "Na mimi najisifu kwa majirani kwamba nyumba yangu ina watu wapole, kumbe ina watu waliobanwa!" Tukashikana tukacheka mpaka tukakaa chini.

Siwezi kusema tulikaa kikao. Mambo kama hayo kwa mila ile hayana kikao. Mama mkwe alisema na mzee usiku huo kwa Kinyakyusa, nyuma ya ukuta. Nikaona aibu upya. Nikafikiri labda nimemvunjia heshima mzee wa watu, labda ningekunywa dawa zangu kimya kimya, nikapanga chumba mjini.

Asubuhi yake niliamshwa na panga. Kwenye migomba, upande ule wa mbali unaozungukia nyuma ya nyumba, mtu alikuwa anakata. Alikata asubuhi ile, na kesho yake, mvua ikinyesha, gunia limefunika mabega. Nilijua ni nini bila kuambiwa. Alikuwa anapasua njia ya pili ya kwenda chooni, isiyopita jikoni wala kuonekana kibarazani. Nikajiambia sawa, mkamwana ndiye mgeni, mkamwana atazunguka. Nikaanza kutafuta gambuti za zamani za mume wangu, maana upande ule ni mteremko na tope lake linafika kwenye vifundo vya miguu.

Alipomaliza, mama mkwe akaniita uwanjani. Kando ya mlango wa jiko kulikuwa na msumari mpya, na kwenye msumari kopo jipya la bluu. Kopo jekundu halikuwepo.

"Amesema hii njia iliyonyooka ni yako," mama mkwe akaniambia. "Una mtoto mgongoni, usije ukateleza. Yeye atazunguka kule."

Nikatazama kibaraza. Kigoda hakikuwepo pia. Kilikuwa mbele ya nyumba, kwenye upepo.

Nililia, sina sababu ya kuficha. Nililia nikiwa nimeshika kopo la plastiki mkononi, mwanamke mzima wa sokoni. Sisemi mama yangu angepona kama angesema mapema. Uvimbe ni uvimbe, na Mungu ana mipango yake. Ninachosema ni kwamba mama alibaki na siri yake peke yake, na mimi, mtu ambaye hajawahi hata kunisalimia alishika panga akaniondolea yangu. Kisha nikakumbuka kopo ni la nini, na tumbo likaniita, nikaitika. Nilikwenda katikati ya uwanja, peupe, taratibu, kama mwenye nyumba.

Sasa ni maisha tu. Asubuhi napasha maji ya watu wawili. Kikombe changu nakunywa, cha mzee nampa mama mkwe ampelekee mbele, na jioni nampikia majani ya maboga na maharage, parachichi pembeni. Vitenge nabeba kichwani nashuka kwa miguu mpaka mjini kama hakuna mvua. Kwa mganga wa sweta mbili nilirudi kama alivyoniambia, akanibonyeza, tumbo laini. Akaniuliza na mzee anaendeleaje, nikamwambia anamaliza mboga zote. Kanga inafika inapotakiwa kufika. Mtoto anakimbia, anavunja vitu, namkaripia kwa furaha.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye njia yangu, ukungu umejaa migombani, nikasikia tope likilia upande wa pili, halafu kikohozi chake, kile cha kusema napita, geuka. Hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake. Majani yalikuwa katikati. Mila inasema mkamwana anyamaze. Sijui kilichonipata, nikakohoa na mimi.

Tope likanyamaza. Nikasimama na kopo langu, nikidhani nimeharibu. Halafu, ng'ambo ya majani, mzee akakohoa tena, taratibu, mara mbili, na gambuti zake zikaendelea na safari.